Baa na cheni ya chensoo kwa miti ya Nyanda za Juu Kusini: kupima, kuchagua na kufunga

Chensoo inapokata kwa shida, wengi hukimbilia kulaumu injini. Wanabadilisha plagi, wanafungua karabureta, wanaongeza oili kwenye petroli, na bado mashine inalia bila kula mti. Kwenye mashamba ya Mufindi, Kilolo, Njombe na Rungwe kosa mara nyingi liko mbele ya injini: baa ndefu kuliko nguvu ya mashine, au cheni isiyo ya baa hiyo. Makosa yote mawili huanzia dukani, na yote mawili yanazuilika ukijua namba za mashine yako kabla ya kutoa hela.

Hapa "baa" ni ule upanga wa chuma ambao cheni huzunguka ukingoni mwake. "Meno ya kukatia" ni yale ya juu yanayokula mti. "Meno ya chini" ni yale yaliyochongoka yanayotembea ndani ya mfereji wa baa na kusukumwa na sproketi, lile gurudumu la meno linalozungushwa na injini. Shika tofauti hiyo, kwa sababu cheni hununuliwa kwa kuhesabu meno ya chini.

Anza na injini, halafu mwinuko wa nchi

Ukubwa wa injini kwa cc umeandikwa kwenye kibati cha mashine au kwenye kitabu chake. Huo ndio unaokuambia baa isizidi wapi. Injini ya cc 30 hadi 40 hubeba vizuri baa ya inchi 12 hadi 16. Cc 45 hadi 55 ni inchi 15 hadi 18. Cc 60 hadi 75 ni inchi 18 hadi 24 au 25. Kuanzia cc 90 ndipo baa za inchi 30 na 36 zinapoanza kuwa na maana.

Sasa ondoa kidogo. Vitabu vya mashine havikuandikwa kwa ajili ya Mafinga. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Mafinga na Njombe ziko juu zaidi. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini isiyo na tabo ya kuisukumia hewa hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Ukiwa kwenye mita 1,900 umeshapoteza karibu asilimia 19. Mashine ya cc 52 iliyonunuliwa Dar es Salaam ikiletwa Njombe inasukuma kama mashine ya cc 42 hivi. Kwa hiyo kanuni yetu ya Nyanda za Juu ni fupi: chukua urefu wa juu unaoruhusiwa na kitabu, kisha shuka ngazi moja. Kitabu kikisema mwisho inchi 20, funga 18. Kikisema 18, funga 16.

Hewa hiyo hiyo nyepesi hufanya karabureta iliyopimwa Pwani itoe petroli nyingi kuliko hewa. Moshi unakuwa mweusi na mashine inakosa mwendo wa juu. Skrubu ya mwendo mkubwa irekebishwe na fundi mwenye kipimo cha mizunguko. Ukiifunga mwenyewe kwa kubahatisha, unaweza kupitiliza, mafuta yakapungua, na pistoni ikaungua ndani ya siku moja.

Halafu angalia mti

Baa izidi kipenyo cha miti unayokata kila siku kwa sentimita 5 hivi. Neno la kushika ni "kila siku". Watu hununua baa kwa ajili ya ule mkaratusi mmoja mkubwa uliobaki mpakani, halafu mwaka mzima wanaibeba baa hiyo kukatia misindano ya sentimita 25. Mti mmoja mnene hukatwa kwa pande mbili, na kwa ukataji huo baa hufika karibu mara mbili ya urefu wake. Kazi hiyo inataka mkataji aliyefundishwa, lakini haikulazimishi kununua baa kubwa.

Baa ndefu ina gharama hata pale ncha yake inapokata hewa. Cheni ndefu inasugua mfereji mrefu zaidi, inakunywa oili zaidi, na mkono unachoka mapema. Meno ya kunoa nayo yanaongezeka: cheni ya kawaida ya meno ya chini 76 ina meno ya kukatia 38, ya 64 ina 32. Hatari kubwa iko kwenye ncha. Katika shamba lililopandwa mita 3 kwa 3 au chini ya hapo, ncha ya baa ndefu hupitiliza mti unaokatwa na kugusa shina la jirani au gogo lililo chini usiloliona. Robo ya juu ya ncha ikigusa kitu, msumeno huruka na kurudi usoni kwa mkataji kabla hajawahi kufikiri.

Kwa kupogoa miparachichi na miti ya kivuli kwenye kahawa, mashine ya cc 30 hadi 40 na baa ya inchi 12 au 14 inatosha kabisa. Kupunguza misindano michanga na kukata nguzo nyembamba: cc 45 hadi 50, inchi 15 au 16. Kuvuna misindano iliyokomaa ya kipenyo cha sentimita 30 hadi 40: cc 60 na kuendelea, inchi 18. Mikaratusi minene, hasa iliyokauka, inataka cc 70 na baa ya inchi 20. Ya 25 ni kwa mti unaoidai kweli.

Kupasua mbao kwa chensoo ni kazi nyingine kabisa. Msumeno unapita kwa kufuata urefu wa nyuzi, injini inabaki kwenye mzigo mzima kwa dakika nyingi mfululizo, na mashine chini ya cc 90 huungua mapema. Cheni yake hunolewa kwa pembe ya nyuzi 10, badala ya 30 ya kukata kwa kukingama. Cheni pia hula karibu milimita 8 za mti kila inapopita, na hizo ni mbao zinazogeuka unga. Kwa gogo linaloweza kufika kwenye dingdong, ile mashine ya kupasulia mbao, lipeleke dingdong.

Namba tatu za cheni

Ya kwanza ni pichi, yaani nafasi kati ya viungo. Pima kutoka katikati ya ribiti moja hadi katikati ya ribiti ya tatu, kisha gawa kwa mbili. Ukipata milimita 8.25, ni pichi ya inchi 0.325. Milimita 9.3 ni 3/8. Milimita 10.26 ni 0.404, ya mashine kubwa. Ipo pia 3/8 ndogo ya mashine nyepesi. Hii ndiyo inayowaponza wengi, kwa sababu kipimo chake cha ribiti ni kile kile cha 3/8 ya kawaida, ila umbo lake ni fupi na jepesi. Haziingiliani. Sproketi ya moja haibebi nyingine ipasavyo.

Ya pili ni unene wa meno ya chini, ambao lazima ulingane na upana wa mfereji wa baa. Kuna milimita 1.1, 1.3, 1.5 na 1.6. Jicho halioni tofauti ya 1.5 na 1.6, na hapo ndipo hela nyingi zinapotea. Cheni ya 1.6 haitaingia kwenye baa ya 1.5, na ukiigonga kwa nyundo umeharibu vyote viwili. Cheni ya 1.5 kwenye baa ya 1.6 itaingia vizuri tu, itazunguka, utafurahi. Ukianza kukata inalala upande, msumeno unakata kwa kupinda kama mundu, na kingo za baa zinaliwa. Tumia venia, kile kifaa cha kupimia unene kwa milimita. Duka lisilo na venia, nenda na yako, au nenda na cheni ya zamani yenye alama inayosomeka.

Ya tatu ni idadi ya meno ya chini. Laza cheni, weka alama ya chaki kwenye jino moja, hesabu mpaka urudi kwenye alama. Hesabu mara mbili. "Nipe cheni ya inchi 20" ni agizo lisilokamilika, na hapa mfano unaeleza kuliko maneno. Mashine nyingi za bei nafuu za cc 52 na 58 huja na baa ya inchi 20, pichi 0.325, unene 1.5, meno ya chini 76. Husqvarna yenye baa ya inchi 20 na pichi 3/8 huchukua meno 72, unene 1.5. Stihl ya inchi 20 na pichi 3/8 nayo huchukua 72, lakini unene ni 1.6. Cheni tatu, zote za "inchi 20", na hakuna hata moja inayokaa kwenye baa ya mwenzake inavyotakiwa.

Ukipunguza baa kwenye mashine hizo za cc 52 na 58, baa ya inchi 18 yenye 0.325 na 1.5 huchukua meno 72, na ya inchi 16 huchukua 64. Kwa mwinuko wa nchi yetu, hiyo ya 16 au 18 ndiyo ingefaa kutoka nayo dukani tangu siku ya kwanza.

Alama zilizopigwa kwenye chuma husaidia zikiwa hazijafutika. Kwenye cheni za Oregon, tazama ubavuni mwa jino la chini: 20 maana yake 0.325 na 1.3, 21 ni 0.325 na 1.5, 22 ni 0.325 na 1.6, 72 ni 3/8 na 1.3, 73 ni 3/8 na 1.5, 75 ni 3/8 na 1.6, 91 ni 3/8 ndogo na 1.3. Stihl hupiga tarakimu ya pichi kwenye nundu iliyo mbele ya jino la kukatia: 2 ni 0.325, 3 ni 3/8, 4 ni 0.404, 6 ni 3/8 ndogo. Kwenye jino lao la chini, tarakimu 3 ni unene wa 1.3, na 6 ni 1.6.

Mkia wa baa

Urefu wa baa hupimwa kutoka inapochomoza kwenye mwili wa mashine hadi ncha. Mkia ulioingia ndani hauhesabiwi. Ukipata inchi 15 na nusu, hiyo ni baa ya 16.

Lakini huo mkia usiohesabiwa ndio unaoamua kama baa itakaa. Tazama vitu vitatu: upana wa mwanya unaopita kwenye boliti, tundu la pini ya kukazia cheni, na tundu la oili. Weka baa ya zamani juu ya mpya, mwanya kwa mwanya, uiangalie kwenye mwanga. Mwanya ukiwa mpana kuliko boliti, baa itacheza hata nati zikikazwa vipi. Tundu la oili likiwa limepishana na njia ya oili kwenye mashine, baa itakauka na kugeuka bluu kwa joto siku hiyo hiyo. Mafundi wengine huchimba tundu jipya kwa drili. Inawezekana kwa baa moja ya dharura, ila usinunue baa ukitegemea drili.

Umbo la jino

Jino lenye kona kali ya mraba hukata haraka sana kwenye msindano mbichi na safi. Likigusa mchanga mara moja, kona hiyo imekwisha. Jino lenye kona ya mviringo hukata polepole kidogo, lakini linavumilia vumbi, magome machafu na mti mkavu. Kuanzia Juni hadi Oktoba, barabara za mashamba zikiwa na vumbi jekundu na magogo yanaburutwa kwenye udongo, tunashauri kona ya mviringo kwa kila mtu, na kwa mkaratusi na muwati mkavu mwaka mzima. Kona kali mwachie mkataji anayeangusha misindano iliyosimama na mwenye tupa mfukoni.

Sproketi usiisahau

Sproketi iliyokaa karibu na klachi lazima iwe na pichi ya cheni yako, na gurudumu dogo la kwenye ncha ya baa vivyo hivyo. Anayetoka 0.325 kwenda 3/8 anabadilisha vitu vitatu: baa, cheni, sproketi. Akibadilisha viwili tu, cheni itapanda juu ya meno ya sproketi, itaruka, na meno ya chini yatapondeka ncha.

Pitisha ukucha kwenye meno ya sproketi. Alama za kuliwa zikifika nusu milimita, itoe. Kwa kawaida sproketi moja humaliza cheni mbili. Kufunga cheni mpya kwenye sproketi iliyoliwa ni kuinyoosha kwa makusudi.

Kufunga, hatua kwa hatua

1. Zima mashine, toa waya wa plagi, vaa glovu. Achia breki ya cheni, maana kwenye mashine ambazo breki iko ndani ya kifuniko, breki ikiwa imefungwa kifuniko hakirudi.

2. Loweka cheni mpya kwenye oili usiku kucha, au angalau saa chache. Ribiti za cheni kavu huliwa dakika za kwanza kabisa.

3. Safisha mahali pa kukalia baa, tundu la oili, na mfereji wa baa. Utomvu wa msindano uliochanganyika na unga wa mbao hugeuka gundi. Ulainishe kwa mafuta ya taa na ukwangue kwa kipande chembamba cha bati, kuanzia mkiani kwenda kwenye ncha.

4. Vaa baa kwenye boliti, isukume nyuma kabisa. Pitisha cheni kwenye sproketi, kisha juu ya baa. Ukingo wa kukatia wa meno ya juu ya baa uelekee kwenye ncha. Yakigeuka, cheni itasugua na kutoa moshi bila kukata.

5. Hakikisha pini ya kukazia imeingia kwenye tundu lake, rudisha kifuniko, kaza nati kwa vidole tu.

6. Inua ncha ya baa kwa mkono mmoja na ushikilie hapo. Kaza skrubu ya cheni mpaka upande wa chini uguse baa bila kuning'inia. Ncha ikiwa bado juu, kaza nati kwa spana. Ukiachia ncha kabla ya kukaza nati, baa inashuka na cheni inalegea, halafu utadhani cheni ni mbovu.

7. Izungushe kwa mkono. Inatakiwa itembee bila kukwama, na ukiivuta juu katikati ya baa meno ya chini yainuke bila kutoka kabisa kwenye mfereji.

8. Washa, elekeza ncha kwenye kisiki cheupe au kipande cha boksi, nafasi ya kama sentimita 20, mwendo wa kati. Ndani ya nusu dakika mstari wa oili uonekane. Usipoonekana, usikate.

9. Kata kidogo kwa dakika chache, zima, iache ipoe, kaza tena. Cheni mpya hulegea haraka mwanzoni.

Oili, na ile oili chafu

Oili iliyomwagwa kutoka kwenye magari haifai kwenye baa. Ina chembe za chuma zinazokula pampu na mfereji, na hurushwa kwenye ngozi na mikono yako siku nzima. Ukikosa oili ya baa, tumia oili mpya ya injini, SAE 30. Asubuhi za Juni na Julai Mufindi na Makete, oili nzito huganda na pampu haiivuti. Ipe mashine dakika mbili ya kupata joto na rudia kile kipimo cha kisiki.

Tupa inayolingana na cheni

Pichi 0.325 hunolewa kwa tupa ya duara ya milimita 4.8. 3/8 ndogo ni 4.0. 3/8 ya kawaida ni 5.2 kwa Stihl na 5.5 kwa Oregon na cheni nyingi nyingine. 0.404 ni 5.5. Pembe ni nyuzi 30, kusukuma mbele tu, kutoka ndani ya jino kwenda nje. Tafuta kwanza jino lililo fupi kuliko yote, linoe, kisha yafanye mengine yote yafanane nalo. Kila baada ya kunoa mara kadhaa, shusha nundu za mbele kwa tupa bapa ukitumia kipimo chake: milimita 0.65 chini ya jino kwa 0.325 na 3/8. Ukishusha zaidi ili cheni "ile vizuri", kwenye msindano itarukaruka, na kwenye mkaratusi itang'ata na kusimamisha injini.

Dalili na chanzo chake

Msumeno unakata kwa kupinda kulia au kushoto: angalia kama meno ya upande mmoja ni mafupi au butu. Yakiwa sawa, basi mfereji umepanuka au kingo za baa zimeliwa upande mmoja. Weka baa wima juu ya kioo. Ikilala, isawazishe kwa tupa bapa.

Unga mwembamba kama wa sembe badala ya vipande: cheni ni butu. Mkataji akianza kubana mashine kwa nguvu ili ikate, ameshachelewa kunoa.

Cheni inatoka kwenye baa mara kwa mara: imelegea, sproketi imeliwa, au mfereji umebaki mfupi. Pima kina cha mfereji. Kwa 0.325 na 3/8 kisipungue milimita 6, kwa 3/8 ndogo milimita 5, kwa 0.404 milimita 7. Chini ya hapo meno ya chini yanasugua sakafu ya mfereji, na baa hiyo haina dawa.

Baa imegeuka bluu karibu na ncha: oili haikufika, au cheni ilikazwa kupita kiasi.

Kila unapobadilisha cheni, igeuze baa juu chini, ili upande uliokuwa unabeba mzigo upumzike. Vichomozo vikali vinavyojitokeza kingoni viondoe kwa tupa bapa kabla havijameguka na vipande vya ukingo.

Jioni, kabla ya kufungia mashine stoo, legeza cheni. Ikikazwa ikiwa ya moto, kwenye baridi ya usiku wa Mafinga itajikunja na kuvuta mhimili wa injini mpaka asubuhi. Kwa manunuzi ya msimu, chukua baa moja, cheni nne za namba ile ile na sproketi mbili, na uzivae kwa zamu, cheni mbili kwa kila sproketi, ili zichakae pamoja.